Nimeondolewa mfuko wa nyongo, na tumbo lilishapunguzwa: nile nini, nitumie dawa gani?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa miaka 43, mkazi wa Majengo, Moshi. Miaka miwili iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Tumbo lilifanywa dogo na utumbo ukaunganishwa nalo kwa njia mpya. Wiki tatu zilizopita nilikutwa na mawe, nikaondolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo. Vidonda vimekauka, lakini nikila naharisha. Mama mkwe ananipikia mtori kila siku, na duka la dawa wamenipa diklofenaki kwa maumivu yaliyobaki. Je, niko salama?

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana. Naanza na diklofenaki, kwa sababu ndiyo inayonitia hofu kuliko yote uliyoandika. Tafadhali iache leo. Kwa mtu aliyeunganishwa utumbo kama wewe, dawa hiyo na ndugu zake kama ibuprofeni huweza kuleta kidonda pale kwenye maungio, kidonda ambacho wakati mwingine huvuja damu au kutoboka kabla mgonjwa hajahisi jambo lolote kubwa. Tumia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukiona choo cheusi cha kunata kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo, wala usijifariji kwamba ni vidonge vya madini ya chuma.

Mawe yenyewe si ajabu. Mwili unapopungua kwa kasi, ini humimina lehemu (kolesteroli) nyingi zaidi kwenye nyongo, na mfuko nao hujikamua kwa nadra kwa kuwa mafuta yanayoliwa ni machache. Nyongo ikituama, mawe hujengeka. Hukukosea chochote.

Kuhusu kuharisha, sasa nyongo haina pa kuhifadhiwa, hivyo hutiririka kwenye utumbo muda wote, na inayofika utumbo mpana huuchokoza na kuvuta maji. Kwa wengi hali hii hutulia ndani ya wiki au miezi michache. Lakini kwako angalia pia kama kunaambatana na jasho, moyo kwenda mbio na kizunguzungu mara baada ya chai ya sukari nyingi, soda au juisi, kwa kuwa hiyo hutokana na upasuaji wa kwanza, na dawa yake ni kupunguza sukari. Kuharisha kukiendelea, daktari anaweza kukupa kolestiramini, ila ajue vidonge vyako vyote, kwa sababu huzuia dawa nyingine na vitamini A, D, E na K zisifyonzwe vizuri.

Mtori usiukatae, na mama mkwe anastahili shukrani. Nyama ichemshwe jioni, supu ipoe usiku kucha, na asubuhi mafuta yaliyoganda juu yaenguliwe kwa kijiko kabla ya kutia ndizi. Samli na siagi ziachwe kwa sasa. Bakulini, anza na vipande vya nyama, kwa kuwa ndizi hujaza tumbo dogo upesi na kukukosesha protini, ambayo unahitaji angalau gramu 60 kwa siku ili mwili upone. Kula kidogo mara tano au sita, na maji uyanywe nusu saa baada ya chakula, kidogo kidogo, lakini siku nzima, maana kuharisha kunakukausha.

Usibebe vitu vizito: ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 hivi. Waachie wengine hadi wiki sita tangu upasuaji zitimie.

Jambo moja haliwezi kusubiri kliniki: macho kuwa ya manjano, mkojo kuwa kama chai ya rangi, choo kupauka, au homa yenye kutetemeka pamoja na maumivu chini ya mbavu za kulia. Huenda jiwe limebaki kwenye mrija wa nyongo, na kwa kuwa njia ya chakula chako ilibadilishwa, mpira wa kawaida unaopitishwa mdomoni kulitoa haufiki kirahisi. Nenda hospitali kubwa, kwa mfano KCMC, ukiwa na karatasi za upasuaji wote wawili, na uueleze ule wa kwanza hata kama hujaulizwa.