Barua kwa mwanangu Kabula: boti ya doria ya ziwani huanzia ubavuni

Mwanangu Kabula,

Hujambo mama? Sisi huku Mwanza hatujambo. Umeniandikia kwamba ofisi yenu hapo Dar es Salaam imepewa kazi ya kuchora boti ya doria ya mita 14 ya kulinda uvuvi Ziwa Victoria. Mteja anataka noti 35, yaani maili 35 za baharini kwa saa, pamoja na bunduki ya rashasha omoni, yaani mbele ya boti. Unauliza uanze na umbo, injini au silaha.

Anza na ubavu. Kumfukuza mvuvi haramu huchukua dakika chache. Kazi yenyewe inaanza baada ya hapo: boti imeambaa na mtumbwi wa mbao gizani, vyote viwili vinapanda na kushuka, askari anavuka, afisa uvuvi anapima matundu ya nyavu, na wavu haramu wa kokoro au timba uliolowa maji unavutwa kuingizwa kwenu. Hapo ndipo watu wanavunjika miguu na mitumbwi inapasuka. Chora kwanza mita nne za ubavu, kisha ujenge boti kuzizunguka.

Sitaha ya kazi iwe mita 1 hivi juu ya maji. Kwenye sehemu ya kuvukia kata kidato ndani ya ubavu, kiwe sentimita 50 hadi 60 juu ya maji, karibu usawa wa ukingo wa mtumbwi. Kidato kichomelewe kisipitishe maji ndani ya boti, kiwe na mdomo mpana wa kumwaga maji, na lango lake lifunguke kwa ndani. Likifunguka kwa nje, mtumbwi ukipanda na wimbi utaling'oa pamoja na bawaba zake. Fenda, yaani kinga ya ubavu dhidi ya kugongana, iwe ya povu gumu, unene wa sentimita 20, izunguke boti nzima kwa vipande vya mita 2 ili kinachochanika kibadilishwe peke yake. Matairi makuukuu ya kuning'iniza usiyachore kabisa, yananasa nyavu. Nahodha akiwa ameshika usukani lazima aone mguu wa anayevuka. Kama dirisha la pembeni halishuki vya kutosha, weka usukani wa pili nje. Taa za kumulika ziwe mbele ya paa na zikingwe kwa chini, mwanga usirudi machoni mwake.

Kuna jambo moja hapa ambalo wachoraji wengi hawaliangalii: boti ya mbio, injini zote mbili zikiwa zinanguruma taratibu na gia imeingia, bado inakwenda noti 5 au 6. Kwa mwendo huo huwezi kuambaa na mtumbwi bila kuugonga. Agiza giaboksi zenye vali ya kuruhusu klachi iteleze, ushuke hadi noti 2. Hii haigharimu sana ikiagizwa tangu mwanzo. Kuipachika baadaye ni kufungua giaboksi upya.

Sasa noti 35. Mtumbwi wa mbao uliobeba nyavu, ukiwa na injini ya kupachika ya nguvu farasi 15, haufiki noti 12. Wenye farasi 40 ni wepesi zaidi, lakini noti 25 zinawapata. Kwa boti ya aina hii nguvu inayotakiwa hupanda karibu kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 25 kwenda 35 unakaribia kuizidisha mara mbili. Nimekadiria kwa boti ya tani 14: noti 25 zinahitaji kilowati 520 hivi kwenye shafti, noti 35 zinapita kilowati 1,000. Injini zinakuwa kubwa, mafuta yanaongezeka, boti inakuwa nzito, na uzito huo nao unadai nguvu nyingine. Mwambie mteja noti 25 akiwa amebeba mzigo wote. Aandike hivyo kwenye mkataba, maana boti tupu yenye robo tangi itampa mwendo wa kuvutia siku ya makabidhiano tu.

Kumbuka pia ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko hapo Dar es Salaam. Injini isiyo na taba (turbo, kifaa cha kuisukumia hewa) inapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Yenye taba inaweza kupoteza kidogo sana au zaidi, kutegemea ilivyotengenezwa, kwa hiyo omba jedwali la mtengenezaji la kimo hicho. Kosa linalotokea ni propela kuchaguliwa kwa nguvu ya usawa wa bahari. Injini hapo haifiki mizunguko yake ya juu, inatoa moshi mweusi, inachemka, na fundi analaumu pampu ya dizeli. Chukua injini mbili za kilowati 300 kila moja baada ya nguvu kupunguzwa kwa sababu ya kimo, kisha chagua propela kwa namba hiyo.

Uzito ndio utakaokupa kazi kubwa kuliko yote. Nimekuandikia makadirio ya kuanzia, kwa boti ya aluminiamu yenye upana wa mita 4.2: umbo na chumba cha usukani tani 4.6, injini, giaboksi, shafti na propela tani 2.6, umeme, betri na rada tani 0.8; nanga, kamba na fenda tani 0.5, rangi, viti na vifaa vya ndani tani 0.7, silaha, kitako chake na risasi tani 0.3. Jumla tani 9.5. Ongeza asilimia 10 ya akiba, maana daima kuna kitu kitasahaulika, unafika tani 10.5 hivi. Halafu mzigo: lita 1,600 za dizeli ni tani 1.35, maji ya kunywa tani 0.2, watu wanane na vifaa vyao tani 0.8, na tani 1 nzima ya nyavu zilizokamatwa. Tani 1 hiyo usiiondoe hata ukibanwa. Nyavu zilizolowa ni nzito kuliko zinavyoonekana, na zinarushwa popote palipo wazi. Zitengee kisanduku cha mita 1.5 za ujazo, chini, karibu na katikati ya boti, chenye tundu la kutoa maji nje. Kandokando yake funga ubao wa kupimia samaki wenye alama wazi kwenye sentimita 50, kwa ajili ya sangara.

Kwa lita 1,600 doria inakwenda hivi: noti 25 zinakula lita 133 kwa saa, noti 8 zinakula 12 hadi 15. Saa 4 za mbio na saa 20 za polepole ni lita 830 hivi, na karibu nusu inabaki ya jenereta na dharura. Mfundishe nahodha asikae kati ya noti 10 na 14, kwa sababu hapo boti inakuwa inapanda wimbi lake yenyewe, omo juu, haoni mbele, na mafuta yanakwisha bure.

Mawimbi ya ziwa letu ni mafupi na yamesimama, tofauti na yale marefu ya bahari mliyoyazoea huko. Usiku upepo wa nchi kavu unavuma kutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa, ndiyo maana dhoruba kubwa huko huja usiku na alfajiri, saa zilezile za doria. Chini ya boti iwe na umbo la V, digrii 17 hivi kwenye tezi, yaani nyuma, ikizidi kuchongoka kuelekea omoni. Wengine wangekwenda 22. Ingekuwa laini zaidi kwenye mbio, lakini ikisimama inayumba sana, na nimekwambia kazi inafanyika ikiwa imesimama.

Boti ikae ndani ya maji sentimita 90, isizidi, kwa ajili ya miamba ya huku na mialo ya visiwani Ukerewe na Ukara. Mtu atakuuzia pampu za kusukuma maji badala ya propela, akisema hazinasi nyavu. Ni kweli, ila zinanyonya magugu maji, chujio lake linaziba na boti inakufa katikati ya shamba la magugu. Mimi ningeweka propela ndani ya mifereji ya nusu duara, mkuku (uti wa chini wa boti) mfupi mbele yake, kisu cha kukata kamba kwenye kila shafti, na juu ya kila propela kisima chenye mfuniko kinachopanda hadi juu ya mstari wa maji. Makila (nyavu za kutega) yasiyo na taa lazima yatakunasa siku moja, na kwa kisima hicho baharia anayakata kwa kisu kirefu bila kuingia majini. Maji ya kupoza injini yapite kwenye chujio pacha, moja likisafishwa jingine linafanya kazi.

Silaha nimeiweka huku nyuma makusudi. Bunduki ya milimita 7.62 inatosha, na inashikwa na askari polisi mwenye mamlaka nayo; afisa uvuvi ashike rula na daftari. Mtu anayeiba sato ni raia wa nchi hii, na boti ichorwe ili risasi isihitajike: kipaza sauti kikubwa, kamera inayorekodi lango la ubavuni, na mwanga wa kutosha. Kitako cha bunduki kisisimame juu ya bamba la sitaha la milimita 4. Mtikiso wa kila risasi ni mdogo lakini unajirudia, na nyufa huanzia kwenye kiungo cha kuchomelea. Weka bamba la milimita 12, ushushe nguzo hadi kwenye kiambaza (ukuta wa ndani ya boti) na mkuku. Funga vizuizi vya chuma ili mtutu usiweze kabisa kuelekea chumba cha usukani, antena wala boya la kuokolea, hata mpigaji akiteleza. Sanduku la risasi liwe na funguo mbili, kavu, lenye hewa, mbali na ukuta wa injini. Dira nayo: bunduki ni chuma, ikizungushwa inavuta sindano. Iwe mbali na dira mita 3, na dira irekebishwe bunduki ikiwa mahali pake pa kulala.

Mteja akidai kinga ya risasi, mpe hesabu hii. Bamba la chuma cha kinga la milimita 6 lina kilo 47 kwa kila mita ya mraba. Kuzungushia chumba cha usukani mita 10 za mraba ni kilo 470, mita 1.5 juu ya kitovu cha uzito, na kitovu cha boti nzima kinapanda karibu sentimita 5. Kinga kiti cha nahodha na mpigaji tu.

Sentimita 5 hizo zina maana kwa sababu ya jambo ambalo halikuandikwa kwenye maombi. Ziwa hili lilichukua watu wa MV Bukoba Mei 1996 na wa MV Nyerere Septemba 2018, karibu kabisa na Ukara. Chombo kikipata ajali, boti ya doria inaweza kuwa ya kwanza kufika. Piga hesabu ya watu 40 waliookolewa, kilo 75 kila mmoja, wote wamekimbilia upande mmoja, mita 1.6 kutoka katikati. Boti sasa ina tani 16.8. Kama kimo cha metasenta, yaani kipimo cha uwezo wa boti kujiinua ikilala, kimeshuka hadi mita 0.8, italala digrii 20 hivi. Ukingo wa sitaha unaingia majini kwenye digrii 23 au 24. Akiba ya digrii tatu nne kwenye wimbi ni sawa na kukosa akiba. Kwa hiyo andika kwenye bamba, mlangoni, idadi ya juu ya watu 20, beba maboya yanayojijaza hewa ya wengine 20, na uweke wavu wa kupandia ubavuni. Idadi hiyo usikubali ipandishwe kwa maneno.

Aluminiamu iwe ya aina ya 5083, milimita 6 chini, 5 ubavuni, na mbavu za mwilini kila milimita 250 hadi 300. Vipande vya aina ya 6082 ni vizuri lakini vikichomelewa vinapoteza karibu nusu ya nguvu zao pembeni mwa mshono, hivyo usiviweke chini ya maji kwenye sehemu inayopigwa. Rangi zenye shaba zisiiguse. Anodi, vile vipande vinavyoliwa na kutu badala ya boti, zisiwe za zinki: kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, zinki hujifunika utando na kuacha kufanya kazi. Omba za magnesiamu au aluminiamu.

Michoro ipelekwe TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kabla hamjakata bamba la kwanza. Boti ikishuka majini, fanyeni jaribio la mlalo, la kupima kimo cha metasenta, asubuhi, upepo haujaanza, kamba zote zikiwa zimelegezwa. Sogeza kilo 200 mita 3 kwenda pembeni. Kama boti tupu ina tani 10.5 na kimo cha metasenta ni mita 1.1, timazi ya mita 2 itasogea milimita 104. Ikisogea 130, kimo ni pungufu ya mita 0.9, na kuna uzito umewekwa juu bila kuandikwa. Tafuteni ni nini kabla bunduki haijapanda.

Nitumie jedwali lako la uzito kwanza, kabla ya mchoro wa umbo, na kila namba iwe na maelezo imetoka wapi: imepimwa, imetolewa na mwuzaji, au umekadiria.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako