Kuhamia Bagamoyo huku kazi iko Dar es Salaam

Ndugu yetu ameuliza kama mtu mwenye kazi Dar es Salaam anaweza kuhamia Bagamoyo na familia yake, na mji wenyewe ukoje kwa mkaaji, si kwa anayekuja kutembea mwisho wa wiki. Ninaishi hapa tangu mwaka 2014, na miaka minne ya mwanzo nilikuwa naenda kazini Posta, katikati ya Dar, na kurudi kila siku, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyapitia.

Safari ndiyo iliyonishinda. Ni kilomita 70 hivi za lami, na mabasi ya kwenda kituo cha Makumbusho, Dar, yanapatikana mapema, lakini ukishapita Bunju foleni ya Tegeta na Mwenge inaweza kula muda kuliko mwendo wote uliotangulia. Nilitoka alfajiri wanangu wamelala, nikarudi usiku wamelala tena. Kama kazi inakutaka mjini kila siku, nakushauri kwa dhati usihamie. Kama ni siku mbili tatu kwa wiki, inawezekana, na mimi sasa naishi hivyo.

Mji huu haukuanza kama kitongoji cha Dar. Hapa ndipo misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka Tabora na Ujiji ilipofikia bahari, hapa Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868, na hapa Wajerumani waliweka makao makuu yao kabla ya kuyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891. Bahari yenyewe ilichangia sana kuuondolea mji cheo hicho, kwa kuwa maji ya pwani yetu ni ya kina kifupi na vyombo vikubwa hulazimika kutia nanga mbali, ilhali Dar ina bandari ya asili yenye kina.

Kina hicho hicho kifupi ndicho kinachopanga siku zetu hadi leo. Maji yakikupwa, mashua hubaki zimelalia ubavu mchangani, na samaki wakiwasili, vijana huingia majini hadi kiunoni na kuwabeba mabegani mpaka sokoni. Dalali huwamwaga changu na vibua chini, watu wakafanya duara, bei ikapanda kwa sauti, na kina mama wakaangaji, ambao wengi wanajua uzito wa fungu kwa kulitazama tu, huondoka na ndoo zao kabla mgeni hajaelewa mnada umeishia wapi. Ukitaka kitoweo kizuri, jifunze majira ya maji kwanza.

Mwanzoni nilipanga katika nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, huko Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo. Mwenye nyumba alikuwa ameipiga lipu ya saruji, nayo ilibambuka kila masika, kwa sababu mawe yale yana chumvi na unyevu, na saruji haiyaachi yapumue. Fundi mmoja mzee aliibandua yote sebuleni akapiga chokaa, na ukuta ule haukubambuka tena muda wote niliokaa pale. Inaniuma kuona nyumba nyingine za mtaa ule zikianguka wakati chokaa ipo na mafundi bado wapo.

Kuhusu kiwanja, jambo hili lichukue kwa uzito. Uvumi wa bandari mpya ulipandisha bei sana, na mimi niliuziwa eneo ambalo tayari lilikuwa limeuzwa kwa mtu mwingine. Ilinichukua miaka miwili kurudishiwa sehemu tu ya fedha zangu. Kabla ya kutoa hata shilingi, nenda kwa mwenyekiti wa eneo, kisha ofisi ya ardhi ya wilaya, uonje maji ya kisima kilicho karibu maana vingine ni vya chumvi, halafu uwaulize majirani wa pande zote nne. Mimi niliuliza pande tatu, na jirani wa upande wa nne ndiye aliyekuwa ameshuhudia mauzo ya kwanza.