Je, mwanariadha wa chuo Marekani ni mwajiriwa, na akiwa na viza ya F-1 (ya mwanafunzi) alipwe vipi?

SWALI: Binti yangu amepata udhamini kamili wa kukimbia mbio ndefu katika chuo cha daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Kocha anasema siku hizi wanariadha wanalipwa: atapewa dola 6,000 kwa mwaka, na kampuni ya viatu itamlipa akiitangaza mtandaoni. Je, atakuwa ameajiriwa? Viza yake ni F-1. (Mzazi, Eldoret)

JIBU: Hongera, mzazi. Kwa sasa binti yako ni mwanafunzi, si mwajiriwa. Ila watu wa uhamiaji hawaangalii mkataba umemwita nani. Wanaangalia amefanya nini ili alipwe. Anaweza kukosa haki za mfanyakazi na bado akahesabiwa amefanya kazi bila kibali. Hapo ndipo vijana wetu wengi wanapoponzwa.

Suala la ajira halijaamuliwa. Februari 2024 ofisa wa bodi ya mahusiano ya kazi alisema wachezaji wa kikapu wa chuo cha Dartmouth ni waajiriwa, nao wakapiga kura 13 kwa 2 kujiunga na chama cha wafanyakazi, lakini ombi likaondolewa mwisho wa mwaka huo. Julai 2024, katika kesi ya Johnson, ya wanariadha waliodai kulipwa kama wafanyakazi, mahakama ya rufaa ilisema kuitwa mchezaji wa ridhaa hakutoshi kumnyima mtu haki ya kudai ajira, kisha ikairudisha kesi mahakama ya chini. Kwa hiyo binti yako hana kima cha chini cha mshahara wala fidia ya mfanyakazi akiumia. Anacho kitu kimoja cha maana: tangu Agosti 2024 vyuo vya daraja hilo vinatakiwa kugharamia matibabu ya majeraha ya michezo kwa angalau miaka miwili baada ya kuondoka.

Sasa pesa. Udhamini wenyewe hauna tatizo la viza. Karo na vitabu havitozwi kodi, lakini chumba na chakula hutozwa, na kwa mwenye F-1 hukatwa asilimia 14. Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kumpunguzia.

Zile dola 6,000 huenda ni mgao wa mapato ulioruhusiwa na makubaliano ya kesi ya House (wanariadha dhidi ya NCAA) tangu 1 Julai 2025, ambapo chuo kiliweza kuwagawia wanariadha wake hadi takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza, 2025-26. Kiasi kikubwa huishia kwenye futiboli ya Kimarekani na kikapu. Mtake kocha aandike zinatoka fungu gani, na kama binti yumo kati ya nafasi 17 za timu ya mbio za nyika. Kwa wenye F-1, vyuo havina msimamo mmoja kuhusu mgao huu.

Viatu ndivyo vyenye hatari zaidi. Kupiga picha za tangazo, kuposti au kusaini fulana kwa malipo ni kazi, na kazi nje ya chuo inahitaji kibali. Asijitetee kwa saa 20: zile za viza ni za ajira ndani ya chuo wakati wa masomo, na zile za NCAA ni kikomo cha mazoezi kwa wiki. Watu huzichanganya kila siku. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi aliyechezea kikapu chuo cha Kentucky, alifanya kazi zake za matangazo Bahamas timu ilipozuru huko Agosti 2022, nje ya ardhi ya Marekani. Binti naye anaweza kurekodi akiwa likizo Eldoret, ila kila kitu kifanyike huko, kuposti kukiwemo, na mapato hayo yana kodi ya Kenya. Mkataba wa dola 600 au zaidi lazima uripotiwe NIL Go, mfumo wa mtandaoni wa kukagua mikataba ya matangazo ya wanariadha, ndani ya siku 5 za kazi.

Kabla ya sahihi yoyote, apeleke mkataba kwa ofisa wa chuo anayesimamia I-20 yake (hati ya mwanafunzi wa kigeni), kwa barua pepe, na asubiri jibu la maandishi. Ruhusa ya kocha haina uzito kwa uhamiaji. Kazi bila kibali inaweza kufunga rekodi yake ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), na viza ikaishia hapo. Kila mwaka ajaze fomu ya kodi 8843 hata asipopata senti, na akipata, fomu ya mapato 1040-NR kabla ya 15 Aprili.