Maswali na Majibu: Barafu ya Mlima Kenya na Maji Mnayoyagombania

Barua za mara hii zinahusu Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya, na nyingi zimeandikwa na watu waliosikia kwamba barafuto za mlima huo, yaani matabaka mazito ya barafu yanayoteremka polepole, zinakaribia kwisha. Nimechagua zile ambazo jibu lake litawatosha na wengine waliouliza yaleyale kwa maneno tofauti. Maswali ya kiingilio sitayajibu, kwa kuwa ada hupangwa na kutangazwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, nami sina mkono ndani yake.

Barafu ikiisha, mito ya Liki, Burguret na Naro Moru si itakauka? Sisi wa Nanyuki tutakunywa nini?

Swali hili huja kila kiangazi, na kila mara muulizaji huwa amekazia macho kilele akauruka msitu ulio katikati yake na kilele hicho. Mwaka 2016 vipande vyote vya barafuto vilivyosalia mlimani, hata vingeunganishwa pamoja, havikufikia robo ya kilomita ya mraba. Eneo dogo namna hiyo haliwezi kulisha hata mto mmoja kati ya hiyo uliyoitaja, seuze Ewaso Ng'iro yote. Maji mnayokunywa ni mvua, inayonyesha juu ya msitu na juu ya nyanda za nyasi zilizo juu yake, ikanywewa na udongo mweusi, kuvumwani na vinamasi, kisha ikaachiliwa kidogo kidogo mpaka Januari na Februari wakati mbingu ni nyeupe.

Barafu ina sehemu yake katika habari hii, lakini ni barafu ya kale. Barafuto za enzi ya barafu ndizo zilizokwangua mabonde ya juu na kuyapanua, zikaacha matuta ya mawe na udongo yaliyokingama njiani mwa maji, na maji yaliyotiririka zilipokuwa zikiyeyuka yakatandaza kokoto na mchanga sakafuni mwa mabonde hayo. Nyuma ya matuta yale ndipo vilipojikusanya vidimbwi na vinamasi vinavyoshika mvua ya leo. Anayelilia Lewis, barafuto ya huko juu mlimani, huku akinunua makaa yaliyochomwa ndani ya msitu anapoteza machozi yake bure.

Na mito yenu inakauka tayari, barafu ikiwa bado ipo. Ukitaka kujua sababu, anzia mahali Burguret unapotoka msituni, ushuke nao kwa miguu, na uyaangalie mabomba na mifereji inayoingia mtoni: mengine ni ya mashamba makubwa ya maua na mboga, mengine ya miradi ya vijiji, na mengine hayana mwenyewe anayejitaja. Nenda katika chama cha watumiaji maji cha mto wako uulize nani ana kibali na zamu yake ni lini. Jibu litakusaidia kuliko picha ya kilele.

Ninafundisha jiografia karibu na Chuka. Wanafunzi hawakubali kwamba enzi ya barafu ilifika ikweta. Niwaonyeshe nini?

Waambie kwanza kwamba wametanguliwa katika ukaidi huo na watu wenye vyeo. Johann Ludwig Krapf, mmisionari yule yule aliyetuachia kamusi ya Kiswahili, aliuona mlima huu kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849 na akaandika kwamba juu yake kuna weupe, na wataalamu waliokaa London, ambao hawakuwahi kukanyaga Ukambani, wakakataa kabisa kwamba theluji inaweza kukaa ikweta. Mwaka 1893 mwanajiolojia John Walter Gregory alipanda hadi kwenye barafuto aliyoiita Lewis, na njiani akayatambua mabaki ya barafuto mahali palipokuwa chini sana kuliko zile alizozikuta. Tangu hapo hakuna aliyepinga kwa hoja.

Maelezo yenyewe si magumu. Yapata miaka 20,000 iliyopita, baridi ilipofikia kilele chake, nyanda za juu za Afrika Mashariki zilikuwa na baridi zaidi ya leo kwa nyuzi nne au tano hivi. Tofauti hiyo, ambayo kwa mtu wa Chuka ni sweta moja tu, ilitosha kuushusha mpaka wa theluji na kuzifanya barafuto ziteremke mabondeni hadi karibu na mita 3,200 juu ya usawa wa bahari. Umri wa matuta ziliyoyaacha umepimwa kwa kuchunguza klorini-36, ambayo hujijenga ndani ya jiwe tangu siku linapoachwa wazi kwa miale inayotoka angani.

Nanyi wa Chuka mna bahati, kwa sababu ushahidi mnao katika mto mmoja. Mto Nithi unaanzia juu katika Bonde la Gorges. Anayepanda kwa njia ya Chogoria akisimama ukingoni karibu na vidimbwi vya Hall ataliona Ziwa Michaelson chini kabisa, limezungukwa na kuta zilizosimama wima, na sakafu ya bonde ni pana na bapa, umbo la herufi U. Hilo ni bonde la barafuto. Chini mashambani, Nithi huyo huyo umejichimbia njia kwa maji peke yake, na bonde lake ni jembamba chini, pana juu, herufi V. Wanafunzi wachore picha mbili, kisha uwaulize nini kilichoziba pengo kati yake. Tafadhali usiwape picha za Milima ya Alps ilhali mna Gorges nyuma ya shule.

Mawe makubwa yaliyotapakaa juu ya mpaka wa miti yalirushwa na volkano?

La. Volkano kuu ya mlima huu ilizimika zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, na mawe unayoyasema yamelala juu ya udongo wenye umri mdogo zaidi kwa mbali. Chunguza mahali mmomonyoko ulipokata tuta: utaliona jiwe kubwa kama meza limekaa ubavu kwa ubavu na changarawe na udongo laini usio na punje, vyote vimechanganyika bila mpango. Maji hupanga mizigo yake, mizito huanguka kwanza na myepesi huenda mbali, lakini barafuto hubeba kila kitu pamoja na kukitua pamoja. Kwa wale wanaoyaandika majina yao kwa rangi juu ya mawe hayo sina la kusema litakalochapishika.

Kwa nini Mlima Kenya hauna kreta, yaani shimo la mdomo wa volkano, kama Kibo, kilele cha Kilimanjaro?

Ilikuwapo. Kilimanjaro ni kijana, barafu haijapata muda wa kumla. Mlima Kenya ulikuwa mrefu zaidi ya mita 5,199 za leo, na barafuto za enzi nyingi ziliibomoa kreta yake, zikabakisha mwamba mgumu ulioganda ndani ya koo la volkano. Vilele vya Batian na Nelion ndivyo sehemu za koo hilo.

Wazungu wa Uswisi hufunika barafuto zao kwa mablanketi meupe. Kwa nini sisi tusifanye hivyo?

Wanaofunika barafuto ya Rhône wanalinda pango ambalo watalii hulipia kuingia, na hata huko barafuto inaendelea kupungua. Huku mablanketi yatapasuliwa na upepo, na wapagazi ndio watakaotumwa kuokota matambara.

Ni kweli kwamba barafu ilianza kupungua kabla ya magari na viwanda? Basi habari ya mabadiliko ya tabianchi ni uongo?

Sehemu ya kwanza ni kweli, na hitimisho ni la mtu aliyefunga kitabu mapema. Barafuto za Mlima Kenya zilianza kurudi nyuma mwishoni mwa karne ya 19, wakati Afrika Mashariki ilipokauka na maziwa yake mengi yalipopungua kina. Barafuto ya ikweta huishi kwa theluji na kwa mawingu yanayoikinga na jua, kwa hiyo hewa ikikauka huumia hata kama joto halijabadilika. Huo ndio ulikuwa mwanzo. Baadaye hewa ya miinuko hii ikazidi kupata joto, na barafuto ambazo tayari zilikuwa dhaifu hazikupata nafuu tena. Kati ya mwaka 1934 na 2010 barafuto ya Lewis, ambayo imepimwa kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote ya Afrika, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake, na ile iliyopewa jina la Gregory mwenyewe imekwisha kutoweka.

Sababu mbili zinaweza kufuatana bila moja kuikanusha nyingine. Nawaonya pia wale wa upande wa pili, wanaobandika picha za Lewis kwenye kila makala ya ukame: ukame wa Laikipia hautokani na kuyeyuka kwa Lewis, na kuyachanganya hayo mawili kunawapa wanasiasa kisingizio cha kulaumu hali ya hewa ya dunia mahali ambapo tatizo ni kibali cha bomba.

Je, naweza kufika kilele cha Point Lenana na kurudi kwa siku mbili?

Wapo wanaoweza, na wapo wanaoteremshwa kwa machela, nami sijui wewe ni yupi.

Hapa karibu na Kipini maji ya bahari yanapanda mtoni na kuharibu mashamba yetu ya mpunga. Tumeambiwa ni kwa sababu barafu ya Mlima Kenya imekwisha.

Aliyewaambia hivyo amewapumbaza. Tana unakusanya maji ya Mlima Kenya na ya Aberdare, nayo ni maji ya mvua, kama nilivyomjibu msomaji wa Nanyuki. Kabla hayajafika kwenu yamezuiwa katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yamegawiwa skimu za umwagiliaji, na sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika matawi ya mto huo huo. Mto ukipungua nguvu mdomoni, bahari huingia. Ombeni kuonyeshwa ni kiasi gani cha maji kinachoachwa kipite mabwawani wakati wa kiangazi, na ombeni kwa maandishi.

Samaki wa Ziwa Michaelson walitoka wapi?

Ni trauti, walioletwa na walowezi kwa ajili ya kuvua kwa burudani. Hawakuachwa na barafu.

Barafuto zikiisha, UNESCO haitatunyang'anya hadhi ya Urithi wa Dunia?

Mlima uliandikishwa mwaka 1997 kwa uzuri wa mandhari yake na kwa uoto wake wa juu, yaani lobelia, senesio na mengineyo, na mwaka 2013 eneo likaongezwa hadi Lewa na Ngare Ndare. Uchunguzi wa KWS kutoka angani mwaka 1999 ndio ulioonyesha hatari ilipo: miti ikikatwa, makaa yakichomwa na bangi ikilimwa ndani ya msitu. Ongeza mioto ya nyandani kama ule wa Machi 2012. Uliza juu ya hayo kwanza.

Kwa nini KWS haimwagi kokoto katika kinamasi cha njia ya Naro Moru? Nilizama hadi magotini.

Kwa sababu kinamasi hicho ni sehemu ya hazina ya maji niliyoieleza mwanzoni, nacho kiko kwenye mteremko, kwa hiyo ukikata mfereji au kujenga tuta la barabara unakitoboa. Usiku, maji ya udongo huganda yakawa vijisindano vya barafu vinavyoinua tabaka la juu, na asubuhi jua likipiga tabaka hilo hulegea kuwa uji. Mpandaji anayekwepa tope kwa kukanyaga kando huvunja mizizi ya nyasi iliyokuwa inalishikilia, na mwaka unaofuata njia imepanuka tena. Pita katikati, vaa viatu virefu, nenda Februari. Ukishindwa, tumia njia ya Sirimon upande wa kaskazini magharibi, ambako ni kukavu zaidi.