"Mwiko ndo nini?" Dada, hiyo sio kiharusi na mama hafanyi makusudi

Dada pole sana. Umeandika mama ana miaka 59, akiambiwa alete mwiko anauliza "mwiko ndo nini?", ila sokoni anaenda na kurudi mwenyewe na tarehe ya kikoba hajawahi kuikosa, na wadogo zako wanasema anajifanya, wewe unahofia kiharusi. Mimi sio daktari ila hilo swali la "ndo nini" nimeishi nalo miaka sita kwa mjomba wangu Tanga, kwake ulikuwa ugonjwa wa ubongo unaofuta maana za maneno.

Mjomba alikuwa seremala. Siku moja nikamwomba patasi akasema "patasi? patasi ndo nini?" na patasi ipo mkononi mwake anatoboa nayo tundu la kitasa! Mkono unajua, neno limekufa. Aliyesahau tu ukimtajia atasema ehee, hilo hilo, lakini mjomba ukimtajia hata herufi ya kwanza au neno zima haisaidii kitu. Ikaanza patasi na randa, afu vifaa vyote vikawa "chuma", mwisho kila kitu "kidude". Sarufi sasa, ilibaki nzima, "niletee kile kidude changu kirefu nilichokiweka pale", ki zote ziko mahali pake, majirani wakawa wanasema mbona anaongea vizuri tu.

Tulizunguka sana. Hospitali ya kwanza wakasema msongo wa mawazo wakatupa dawa za usingizi, nyumbani wengine wakasema kachezewa. Kiharusi kinapiga ghafla, ugonjwa huu unanyemelea mwaka hadi mwaka. Kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha ndani ya kichwa, ndo kikaonyesha ubongo umesinyaa upande wa kushoto, kwenye ncha iliyo usawa wa panja, wakasema ni demenshia ya frontotempora, yaani ugonjwa unaoua polepole sehemu za mbele na za pembeni za ubongo, aina ya semantiki, ile inayoondoa maana za maneno.

Tulivyoelezwa, hiyo ncha ni kama njia panda, umbo la kitu, harufu yake, kazi yake na jina lake vinakutana pale ndo unapata maana. Kwa aina hii mara nyingi protini ya TDP-43 inaharibika na kurundikana kwenye seli mpaka zinakufa, na uharibifu haurukiruki ovyo, unafuata sehemu zilizounganishwa. Kuna fungu la nyuzi za ubongo limepinda kama ndoano linatoka kwenye ncha hiyo kwenda mbele, juu ya macho, kule kunakotufanya tuone aibu na kujua kiasi. Likiharibika tabia nayo inabadilika. Mwaka wa tatu mjomba akaanza kula sukari kwa kijiko kwenye kopo, na msibani akadai chai kwa sauti wakati watu wanalia, iliniuma sana kuona watu wanamkasirikia. Kwa hiyo muangalie mama na upande huo.

Kuna aina nyingine maana za maneno zinabaki ila mtu anahangaika kutamka na sentensi zinakatika, "mimi... sokoni... jana". Hiyo inaanzia mbele kushoto, sio ya mama yako.

Na sio ugonjwa mpya, daktari Arnold Pick alieleza mgonjwa wa namna hii kule Prague mwaka 1892, na Bruce Willis yule wa sinema familia yake ilitangaza 2023 kwamba ana demenshia ya frontotempora.

Nenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mwambie sentensi hiyo hiyo ya mwiko kama ilivyo. Usidanganyike akisoma gazeti lote bila kukosea, wanaotumia Kiingereza wanagundulika kwa kukosea maneno yasiyosomwa kama yalivyoandikwa, sisi Kiswahili tunasoma kama kilivyo kwa hiyo kusoma kunabaki na maana imeshaondoka. Dawa ya kuponya hakuna, na dawa za Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau wa wazee, kwa ugonjwa huu hazijaonyesha msaada, wengine zinawazidishia fujo, kwa hiyo uliza kabla hujanunua.

Na acheni kumfanyia mtihani, "hii inaitwaje mama, hebu sema". Sisi tulimfanyia mjomba miezi mingi akawa anajifungia chumbani. Tulipoacha, tukawa tunamwonyesha kitu badala ya kukitaja na kila kifaa kinakaa sehemu moja, akarudi kwenye benchi lake akapiga randa karibu miaka miwili zaidi.

Nijibu hapa, ukimpa huo mwiko mkononi, ugali anasonga?