Mnauliza, Najibu: Mbona Shetani Mwenyewe Hatokei?

Wiki hii barua karibu zote ni za muvi moja, nikaona nizijibu kwa pamoja. Kwa ambao hamjaiona, ni ya Austria, imetoka 2024, kwa Kijerumani inaitwa Des Teufels Bad, wengi mnaijua kama The Devil's Bath, mi hapa nitaiita Bafu la Shetani basi. Waongozaji ni wawili, Veronika Franz na Severin Fiala. Hadithi iko Austria ya Juu mwaka 1750, kuna binti anaitwa Agnes anaolewa na Wolf, anahamia kwa kina mume, halafu polepole, yaani polepole kweli, akili inaanza kuzama.

Tahadhari mbili kabla hatujaanza. Nitasema mpaka mwisho wake. Na kuna habari za mtu kutaka kufa na za mtoto kuuawa humu ndani, kwa hiyo kama leo hauko sawa ruka ukurasa huu, utarudi siku nyingine.

"Dada habari za kazi. Nimeiangalia juzi usiku, watu walishanitisha eti sitalala, nimekaa saa nzima nasubiri, huyo dada anapika, anatembea msituni, anaingia kwenye tope kuvua samaki, mama mkwe anamsema, shetani yuko wapi? Nikazima. Nimekosea au muvi ndo mbovu?" (Msomaji wa kiume, miaka 27)

Nzuri ndugu yangu. Kuchoka hujakosea, ila umezima pale pale ilipokuwa inaanza kukubana. Tumezoea woga wa kushtuliwa, mlango unafunguka paa, muziki unapiga, unaruka kwenye kiti, dakika mbili baadaye unakula bisi zako kama kawaida. Huu ni woga mwingine, wa kubanwa, mtu anasukumwa sentimita moja moja mpaka ukutani na wanaomsukuma wala hawana habari kwamba wanasukuma.

We rudi uangalie ile siku ya kuvua. Kijiji kizima kiko ndani ya bwawa, tope mpaka magotini, wanakamata samaki, kila mtu anajua pa kusimama na namna ya kushika isipokuwa Agnes. Hakuna anayempiga, hakuna anayemtukana. Anajaribu, tope linamvuta, wenzake wanaendelea na kazi. Basi, tukio limeisha. Halafu anarudi kwenye nyumba ambayo mume kaichagua bila kumuuliza, mama mkwe anaingia jikoni kama kwake na kuweka vitu anavyotaka yeye, usiku mume anageukia ukutani, na asubuhi watu wanaanza kuuliza mbona mimba haiingii. Ukiyataja moja moja ni mambo madogo, hata yeye angeona aibu kwenda kumshtakia mtu, na ndo maana hamwambii mtu. Anaenda msituni, anaokota wadudu na majani, anasali. Muvi inakukalisha humo muda wote huo makusudi, ili ukija ule uamuzi wake wa mwisho ushtuke kwamba umeshamwelewa. Mi nilipogundua kwamba naelewa anachofikiria niliogopa kuliko jini lolote nililowahi kuona kwenye skrini. Iwashe tena, ila simu weka chumba kingine.

"Mwisho kabisa wanasema ni mambo yaliyotokea kweli. Kweli kabisa, au kweli ya kwenye muvi?" (Msomaji wa kike, mwanafunzi)

Kweli kabisa mdogo wangu, na hapa nitakaa kidogo maana hiki ndo kiini cha yote.

Agnes wa kwenye muvi ametungwa ila waongozaji wamemtoa kwenye kumbukumbu za mahakama. Kuna mwanahistoria anaitwa Kathy Stuart, anafundisha Chuo Kikuu cha California kule Davis, amechimba mafaili ya karne ya 17 na 18 kwenye nchi zilizokuwa zinaongea Kijerumani akakuta kesi zaidi ya 400 za namna hii. Wengi wa wahusika walikuwa wanawake, na wengi wa waliouawa walikuwa watoto.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi, na naomba uisome taratibu. Mtu amechoka kuishi. Dini inamwambia akijiua anaenda motoni moja kwa moja, kwa sababu hapati nafasi ya kutubu, na mwili wake hauzikwi na wenzake kwenye ardhi takatifu. Kwenye muvi utamuona jirani aliyejiua, maiti yake inavyotupwa kama takataka, huku mama yake analia na hasaidiki. Agnes anaona yote hayo kwa macho yake. Sasa muuaji je? Muuaji anakamatwa, anafungwa, padri anakuja, anaungama, anasamehewa dhambi, halafu ndo anakatwa kichwa, na anakufa akiwa msafi. Kwa hiyo yule anayetaka kufa bila kwenda motoni anaona mlango mmoja tu umebaki wazi, amuue mtu kisha aende mwenyewe kujisalimisha. Na kwa nini mtoto? Kwa sababu mtoto aliyebatizwa hana dhambi, waliamini anaenda mbinguni hapo hapo, kwa hiyo muuaji anajiambia hajamdhuru.

Nilivyoisoma mara ya kwanza ilibidi nifunge laptopu nikatembee nje. Maana hawakuwa vichaa wa kurusha mawe barabarani, walikuwa watu wanaofuata sheria na mafundisho neno kwa neno mpaka yakawafikisha huko. Na serikali zilikuwa zinajua! Denmark mwaka 1767 ilitoa amri kwamba mtu aliyeua kwa lengo la kuuawa asinyongwe wala kukatwa kichwa, apewe kazi ngumu maisha yake yote na viboko kila mwaka, yaani iliwabidi wabadilishe sheria ili ule mlango ufungwe. Hebu fikiria ni mara ngapi lilitokea mpaka mfalme akae aandike kitu kama hicho.

Ndo maana mi nawaambia watu shetani kwenye hii muvi hayupo kabisa. Hilo jina lilikuwa msemo wa watu wenyewe, mtu mwenye huzuni isiyoisha, hii tunayoiita sonona, walisema yuko kwenye bafu la shetani. Neno la kumtaja walikuwa nalo. Msaada wa kumpa ndo hawakuwa nao.

"Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja bado ananyonya. Nimesikia inaanza vibaya. Nitaweza?" (Mama wa wawili)

Mama yangu, kwa sasa hapana, iache. Inaanza na mama aliyebeba kichanga kinacholia, anapanda nacho msituni mpaka kwenye maporomoko ya maji, halafu anaenda kubisha hodi kujisalimisha. Haionyeshi damu, kamera imetulia tu, na ule utulivu ndo unaoumiza. Hata ukirusha hapo mbele, kuna mtoto mwingine karibu na mwisho. Subiri mwanao akue kidogo, muvi haiozi.

"Kile kitendo cha kumpitishia uzi kwenye shingo ni tiba kweli au wameongeza chumvi?" (Msomaji wa kiume, nesi)

Hakuna chumvi hapo. Walikuwa wanaamini huzuni inatokana na nyongo nyeusi kuzidi mwilini, neno melankolia lenyewe kwa Kigiriki maana yake ni hiyo hiyo nyongo nyeusi. Kwa hiyo tiba ni kuitoa. Kinyozi, maana enzi hizo vinyozi ndo walikuwa wanapasua na kung'oa meno, anakamata ngozi ya kisogo, anapitisha sindano nene yenye uzi, anauacha humo humo, kisha uzi unavutwa huku na huku ili kidonda kisifunge na usaha uendelee kutoka. Usaha ukitoka wanafurahi, sumu inatoka hiyo. We ni nesi unajua huo usaha ni nini.

Angalia mikono ya Agnes baada ya hapo. Anauvuta mwenyewe kwa utiifu, kama mtu anayemeza dozi yake vizuri ili apone. Mi hapo ndo nililia. Anataka kupona jamani, anafanya kila anachoambiwa. Na mumewe si mtu mbaya, ni hilo tu kwamba hajui la kufanya, amempeleka kwa fundi aliyekuwepo.

"Niseme ukweli, nimeangalia nikajiona mimi. Sio kuua, hapana, ila ule uchovu wake, kulala mchana, kuongea na watu kama uko chini ya maji. Sijamwambia mtu." (Bila jina)

Ndugu yangu, asante kwa kuniandikia, na barua yako nimeisoma mara nyingi. Naomba leo, sio kesho, umwambie mtu mmoja unayemwamini maneno haya haya uliyoniandikia mimi, hata kwa meseji kama mdomo mzito, halafu mwombe akusindikize hospitali au kwa mshauri nasaha. Na kama kuna wakati mawazo ya kufa yanakuja, usikae peke yako, nenda walipo watu au kituo cha afya usiku huo huo, wala usione unasumbua. Unachokieleza ni ugonjwa, una tiba, watu wanapona. Agnes hakuwa na mtu wa kumwambia na waliokuwepo walimjibu kwa uzi wa shingoni. We unaye, na wa kukutibu wapo. Niandikie tena nijue umefikia wapi, nasubiri barua yako kweli.

"Sijaelewa mwisho. Anaungama huku anacheka? Na wale watu na vikombe?" (Wapenzi wawili, tumebishana mpaka usiku)

Wote mko sahihi kidogo kidogo. Pale kwenye kuungama machozi na kicheko vinachanganyika kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu aolewe mzigo umemtoka. Amesamehewa, anakufa salama, ile hesabu yake imejibu. Na sisi tunaomwangalia tunajua kuna mtoto wa watu amekufa ili hesabu ijibu, kwa hiyo unajikuta unapumua naye halafu unachukia kwamba umepumua. Aliyecheza ni Anja Plaschg, mwanamuziki wa Austria anayejulikana kwa jina la Soap&Skin, na muziki wa muvi ni wake yeye huyo huyo, nadhani ndo maana pumzi yake na sauti zinazosikika zinaenda pamoja vile. Kwenye tamasha la Berlin la 2024 tuzo ya Dubu wa Fedha ilienda kwa mpigapicha, Martin Gschlacht, alistahili kabisa, ila mi ningempa na huyu dada.

Wale wenye vikombe wanakimbilia damu. Hiyo nayo ni ya kweli, damu ya aliyekatwa kichwa waliiamini kama dawa, hasa ya kifafa. Na mnakumbuka kidole? Mwanzoni kwenye harusi Agnes anapewa zawadi na kaka yake, kidole cha yule mama wa maporomoko, akiweke chini ya godoro apate mtoto. Alikipokea kwa furaha. Sasa rudini mwangalie nyuso za wale watu wanaogombania damu, hakuna hata mmoja mwenye sura ya ubaya, wana magonjwa yao nyumbani, wamekuja kutafuta dawa, wanasukumana kama watu wa foleni yoyote ile.