Safu ya mwisho ya kaunta buku

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: nani anafaa kumshauri kijana kitabu cha kusoma, mwalimu, mzazi, au kijana mwenzake? Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya kata mkoani Tanga, na ndiye ninayeshika ufunguo wa kabati la vitabu. Jibu langu ni kijana mwenzake. Nimelifikia polepole, baada ya miaka ya kusifia vitabu mbele ya darasa na kuviona vikibaki kabatini na vumbi lake lile lile.

Kabati letu ni la mbao, rafu nne, limesimama ofisini kwa walimu. Juu yake kuna kaunta buku niliyoipiga mistari kwa rula: jina, kidato, kitabu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Mwaka juzi binti mmoja wa Kidato cha Pili alirudisha Siku Njema, akasaini, kisha pembeni kabisa, pale palipobaki nafasi ya vidole viwili, akaandika kwa herufi ndogo: "Mwanzo vumilia. Akishaondoka Tanga hutakiweka chini."

Riwaya hiyo ya Ken Walibora ilitoka mwaka 1996. Inamhusu kijana Kongowea, mtoto wa huku kwetu Tanga, anayefunga safari hadi Kenya kumtafuta baba yake. Mimi niliwahi kuisifia kwa kipindi kizima cha dakika 40: maisha ya mwandishi, dhamira, migogoro, matumizi ya methali. Hakuja mtu hata mmoja kuiazima. Baada ya maneno yale ya binti yakafuata majina saba katika muhula mmoja, na nikaona wengine nao wanaandika pembeni. Nilipofungua kaunta buku mpya nikaongeza safu ya sita, nikaiita Maoni.

Nimekaa nikajiuliza kwa nini. Nadhani sifa ya mwalimu inanuka mtihani. Chukua Watoto wa Mama Ntilie, riwaya ya Emmanuel Mbogo, ambayo wanafunzi wetu wengi wameisoma kwa ajili ya mtihani wa Kidato cha Nne. Peter na Zita wanakosa shule kwa sababu ya ufukara, na darasani kwangu wako watoto ambao mama zao wanaamka saa kumi alfajiri kupika vitumbua na supu pale stendi. Hadithi hii ni ya kwao kabisa. Lakini nilipomuuliza mvulana mmoja inahusu nini, alinyoosha vidole akahesabu: "Umaskini, ulevi, nafasi ya mwanamke katika jamii." Zita hakumtaja. Tumewafundisha kukivua kitabu nyama na kubaki na mifupa ya kujibia maswali, na hilo nalisema nikijua kuwa nimelifanya mimi mwenyewe kwa mikono yangu.

Kijana anayemshauri mwenzake hana dhamira za kuorodhesha. Anasema nani kafanya nini, na anasema pia wapi pamemchosha. Neno lile "vumilia" ndilo lililofanya kazi yote. Sisi watu wazima tunasifu kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma, na mtoto anajua hakuna kitu cha namna hiyo duniani, kwa hiyo hawezi kutuamini. Akiambiwa mwanzo unasuasua, halafu akaukuta unasuasua kweli, anaamini na ile nusu ya pili ya maneno.

Nami nilianza hivyo hivyo. Nikiwa darasa la saba, mtoto wa mama mkubwa alikuja likizo kutoka Dar es Salaam na kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, pembe zimejikunja kama sikio la mbuzi. Akaniambia, "Usianze usiku." Nikaanza usiku huo huo, kwa kibatari, hadi mama akaja kukizima. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua nilichosoma: Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, na yule mtu niliyemfuata usiku ule ni mpelelezi Willy Gamba. Kama angenishauri mwalimu wangu, ningekisubiri kitabu hicho mpaka mtihani.

Wazazi huniuliza, na wana haki ya kuuliza: wakiachiwa wenyewe si watashauriana mambo ya mapenzi tu? Watashauriana ya mapenzi, ndiyo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, na baadaye ikaja kuruhusiwa na kufundishwa katika shule hizo hizo. Sisi tunayo nakala moja. Kwenye safu ya maoni msichana wa Kidato cha Nne ameandika: "Mwisho unauma sana. Usisome peke yako, uwe na mtu wa kuongea naye." Mwenye kuijua riwaya hiyo anajua kwa nini ameandika vile. Nimeifundisha mara nyingi na sikuwahi kumpa mwanafunzi onyo lenye huruma kiasi hicho.

Kuna jambo moja wasiloliweza. Kijana hawezi kumshauri mwenzake kitabu ambacho hakijawahi kufika mikononi mwake. Kabati likiwa na hadithi kumi na tano, ushauri nao utazunguka humo humo, na ndivyo unavyozunguka kwetu. Hapo ndipo mahali petu sisi wakubwa, wazazi, walimu, na waliosoma hapa wakahamia mijini: tuleteni vitabu, vikiwa vipya au vimetumika, kisha tukae pembeni.

Maana kitabu kikishasifiwa na mwenzao, nakala moja haitoshi. Mwezi uliopita Siku Njema ilirudi ofisini ikiwa vipande viwili. Wavulana wawili walikuwa wameikata kwa wembe kwenye mshono, taratibu, hakuna ukurasa uliopotea, na kila kipande wamekishona upya kwa uzi mweusi. Nilipandwa na hasira. Niliwaita, nikawauliza nani atakilipa. Mkubwa wao akasema, "Samahani mwalimu. Mimi nilishapita ukurasa wa 80, mwenzangu hajaanza. Tuliona ile nusu niliyoimaliza inakaa bure." Niliwapa adhabu ya kumwagilia bustani wiki nzima, kwa kuwa kitabu cha shule hakikatwi. Lakini jioni nilipokaa na vile vipande viwili mezani, nikiutazama ule mshono ulivyonyooka, nilijua hakuna kitabu nilichowahi kukisifia mimi kikahitajiwa na watoto kiasi hicho.

Nikakata karatasi ya manila, nikavivika vyote viwili majalada, nikaandika kwa kalamu nene Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili.

Sasa kitabu hicho kimoja kina mistari miwili kwenye kaunta buku. Sehemu ya Pili ilirudi Ijumaa. Sehemu ya Kwanza iko kwa binti wa Kidato cha Kwanza, na kila siku saa nne, wakati wa chai, mvulana mmoja wa darasa lake anakuja mlangoni kwangu kuuliza kama ameshafika ukurasa wa 80.